Nani kaua? Miezi minane ya kurekodi seli za saratani zikifa

Video yangu ya kwanza niliituma kwa kila mtu: kaka yangu aliyeko Mbeya, wenzangu niliosoma nao Mlimani, mpaka kundi la WhatsApp la ukoo. Ilikuwa ya sekunde 14. Donge la seli za saratani lililooteshwa maabara, dogo kuliko punje ya ulezi, na seli zake za pembeni zinatokota kama uji jikoni kisha zinawaka nyekundu moja baada ya nyingine. Chini yake nikaandika: "Dawa inapiga kazi."

Siku tatu baadaye nikagundua kwamba kisima kile, yaani kimoja kati ya vishimo 96 vya pleti ya plastiki tunamooteshea seli, hakikuwa na dawa hata tone. Pleti nilikuwa nimeiweka kwenye hadubini kinyume, kisima cha kona moja, A1, kikakaa mahali pa kile cha kona ya mkabala, H12, na kompyuta ikaamini nilichoiambia. Seli nilizozishangilia zikifa zilikuwa ndizo zilizopaswa kuishi kwa raha zao. Kwenye ukoo hakuna aliyeuliza, nami sikusahihisha.

Naandika haya kwa wadogo zangu wanaotoka vyuo vyetu kwenda kufanya kazi ya namna hii, na ambao pengine hadubini ya kurekodi video wameiona kwenye picha tu. Kosa la pleti lilikuwa dogo na dawa yake ni ndogo: pleti nyingi zina kona iliyokatwa, itazame, kisha acha kisima kimoja kitupu makusudi, mahali unapopajua, kiwe alama yako kwenye picha. Lakini kosa lile lilinifungulia swali lililonitesa miezi minane. Kama hawakupewa dawa, nani kawaua?

Kwanza kazi yenyewe. Niko Ujerumani, nasomea uzamivu. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakijaribu dawa za saratani kwenye seli zilizolala sakafuni mwa chombo cha plastiki, zimetandazwa kama mpunga juani. Seli zikilala hivyo kila moja inapata hewa, chakula na dawa sawasawa. Uvimbe wa kweli hauko hivyo. Una nje na ndani, na seli za ndani zinaishi kwa kubahatisha. Ndiyo maana tunaotesha madonge, ambayo kitaalamu huitwa sferoidi: unaweka seli kwenye kisima chenye kitako cha mviringo na plastiki isiyoshikika, unazizungusha kwenye mashine ili zikusanyike katikati, na kwa kuwa hazina pa kujishikiza zinashikana zenyewe. Siku mbili tatu una donge.

Seli zangu ni HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kule Baltimore kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, bila yeye kuulizwa. Alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake hazijaacha kugawanyika mpaka leo. Dawa yangu ni sisplatini. Niliichagua kwa sababu shangazi yangu alipewa dawa hiyohiyo, kwa saratani hiyohiyo, pamoja na mionzi, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Alifariki. Kwenye barua ya maombi niliandika sababu nyingine ya kitaalamu, na ilikuwa ya kweli pia.

Kwa nini video, na si kuhesabu tu maiti mwisho wa siku ya tatu? Kwa sababu seli hazifi kwa njia moja. Mwaka 1972 watafiti Kerr, Wyllie na Currie walipendekeza jina la apoptosisi kwa kifo ambacho seli inajiua kwa mpango, na neno hilo walilitoa kwenye Kigiriki cha majani kudondoka mtini. Kiswahili kina neno tayari: kupukutika. Seli inayopukutika inajikunyata, ngozi yake inatoa mapovu, kiini kinakatikakatika, mwisho inagawanyika vipande vidogo vilivyofungwa vizuri kama vitumbua kwenye mfuko. Kifo cha pili, nekrosisi, mimi nakiita kupasuka: seli inavimba, utando unatoboka, vya ndani vinamwagika. Ukija siku ya tatu na kukuta seli imekufa huwezi kujua imepita njia ipi. Ukiwa na video unajua.

Tunatumia rangi mbili. Ya kijani inawaka pale kaspasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini wakati wa kupukutika, vinapoanza kazi. Nyekundu, propidiamu, haiwezi kupita utando mzima. Inaingia ukitoboka tu na kushikana na DNA. Basi kijani kikitangulia na nyekundu ikafuata saa kadhaa baadaye, seli imepukutika. Nyekundu ikija peke yake, imepasuka. Lakini kumbuka neno "kikitangulia". Kama kamera inapiga picha kila baada ya saa 4 utaona kijani na nyekundu vimefika pamoja, na hujui nani alitangulia. Mapovu yenyewe katika seli nyingi huisha ndani ya saa moja au mbili. Mimi nilianza na saa 2, nikapata picha za kabla na za baada, tukio lenyewe halimo. Ni kama kwenda mpirani ukakuta matokeo ubaoni.

Nikaamua kupiga kila dakika 30, visima 60, rangi nne (hizo mbili, mwanga wa kawaida, na ya nne nitakayoieleza mbele), na kila donge kulikata kwa picha 10 kuanzia chini kwenda juu. Nikabonyeza kitufe Ijumaa jioni nikaenda nyumbani kupika pilau. Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: 60 mara 4 mara 10 ni picha 2,400 kwa mzunguko mmoja. Kila picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048 ni megabaiti 8 na ushee. Kwa saa 72 hiyo ni karibu terabaiti 2.9. Diski ilikuwa imebakiza terabaiti moja. Ikajaa saa ya 41, Jumapili asubuhi, hadubini ikasimama kimya kimya, na Jumatatu nikakuta ujumbe mwekundu kwenye kioo na madonge yameshakaa siku nzima bila kurekodiwa.

Halafu nikagundua la pili, baya zaidi. Hadubini ile inatumia zaidi ya sekunde moja kwa kila picha ukijumlisha kusogea, kutafuta fokasi na kubadilisha rangi. Picha 2,400 zilikuwa zinachukua dakika 50. Haikuwezekana kabisa izirudie kila dakika 30. Haikulalamika, ilimaliza mzunguko ikaanza mwingine, na mimi kwenye grafu nikaandika dakika 30. Kila saa niliyoitaja mbele ya msimamizi wangu ilikuwa ya uongo. Muda halisi umeandikwa ndani ya faili la kila picha. Soma huo, usisome ulichoomba.

Na maabara ya hadubini inatoza kwa saa. Kwetu ni euro 10, kwa hiyo mwisho wa juma mmoja ule uligharimu euro 720 za watu wengine. Msimamizi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina kikokotoo kwenye simu.

Sasa nirudi kwa wauaji.

Wa kwanza alikuwa rahisi kumkamata. Madonge yaliyokufa bila dawa yalikaa zaidi pembeni mwa pleti. Visima vya pembeni katika pleti ya visima 96 ni 36, na hivyo ndivyo maji yake hukauka haraka kuliko vingine, hasa pleti ikikaa siku tatu kwenye kijumba cha hadubini ambacho unyevu wake si kama wa inkubeta, kabati la joto tunamotunzia seli. Maji yakipungua chumvi inazidi, seli zinasinyaa. Fundi wetu wa maabara, mama wa makamo ambaye amekuwa pale kabla wengi wetu hatujazaliwa, alinyanyua pleti akaitazama kwa pembeni dhidi ya dirisha. "Tazama," akasema. Mistari ya maji ilikuwa kama ngazi: katikati juu, pembeni chini. Miezi miwili nilikuwa natazama pikseli na sikuwahi kuinyanyua pleti. Tangu siku hiyo visima 36 vya pembeni nimevijaza maji safi tu na seli naziweka kwenye 60 za ndani.

Vifo vikapungua, havikwisha. Muuaji wa pili nilimtafuta vibaya. Nilishuku mikoplazima, vijidudu vinavyojificha kwenye seli bila kuonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Nikapima, hamna. Nikabadilisha chakula cha seli. Nikabadilisha chupa ya rangi. Nikaanza kushuku mikono yangu. Mtu akifika hapo halali vizuri. Niliota mara mbili pleti inaanguka.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja Mkenya wa maabara ya jirani. Tulikuwa tunakula, nikamlalamikia.

"Yale madonge yaliyobaki inkubeta, hayajapigwa picha, yako aje?" akauliza.

"Sina. Yote napiga picha."

Akaweka uma chini. "Basi hujui kama ni wewe unayaua."

Nikarudia: pleti moja, nusu ya visima napiga picha, nusu viko palepale lakini mwanga hauvigusi. Baada ya saa 72 zisizoguswa zilikuwa hai tele. Zilizopigwa picha zilikuwa na madoa mekundu. Muuaji alikuwa mwanga. Rangi yangu ya nne ilikuwa ya bluu, ya kuonyesha viini vyote, na kuiwasha kunahitaji mwanga unaokaribia urujuanimno. Rangi yenyewe imejikita ndani ya DNA, unaipiga mwanga mkali mara 10 kwa kila mzunguko, siku tatu. Nilikuwa nazichoma seli kisha nashangaa zinaungua. Na tazama ubaya wake: visima vyenye dawa navyo vilikuwa vinapigwa mwanga uleule, kwa hiyo vifo vyote nilivyovirekodi miezi ile ni mchanganyiko wa wauaji wawili ambao huwezi kuwatenganisha tena. Data ile iko kwenye diski mpaka leo. Haina kazi.

Rangi ya bluu nikaitupa, nikabaki na zile mbili za mwanzo na mwanga wa kawaida hafifu. Picha 10 za kila donge nikazifanya 5. Visima nikavipunguza kufikia 24. Pikseli nikaziunganisha nne nne kuwa moja, na hapo kamera inaona vizuri hata kwa mwanga mdogo. Picha zilipoteza urembo, na hilo liliniuma kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini sasa ni picha 360 kwa mzunguko, zinamalizika kwa dakika 7 na nusu, naweza kurudia kila dakika 20 bila kukimbizana, na saa 72 nzima ni gigabaiti 163 tu. Matatizo ya diski, muda na mwanga yote yalitatuliwa na kukubali picha mbovu kidogo. Kama unaanza leo, anza na mbovu. Na kila mara uwe na visima visivyopigwa mwanga, hata kama unajiona mjuzi.

Wa tatu hakuwa mbaya, alikuwa mwenyeji. Nilikuwa naweka seli 5,000 kwa kisima kwa kuwa donge kubwa linapendeza. Hewa haipenyi mbali ndani ya nyama hai, kiasi cha mikromita 100 hadi 200 tu (mikromita 1,000 ni milimita moja), na donge likifika kama mikromita 500 upana, katikati yake panaanza kufa kwa njaa na kukosa hewa. Hakuna aliyeliua, limejiua kwa unene. Kwenye video zangu palikuwa na doa jekundu la katikati tangu saa ya sifuri, na programu ilikuwa inalihesabu kama kifo cha dawa. Huo moyo mfu si kasoro, uvimbe wa kweli nao huwa nao, na kuna watu wanautafuta makusudi. Lakini lazima uamue unautaka au huutaki kabla hujaanza. Mimi sikuutaka. Nikashuka hadi seli 1,000, madonge nikayatumia yakiwa chini ya mikromita 400, na kila donge nikalipiga picha kabla ya kutia dawa ili lijilinganishe na lenyewe.

Hapa nikadhani nimemaliza. Madonge yasiyo na dawa yaliishi safi, siku tatu, mviringo, kimya. Nilikaa mbele ya kompyuta nayatazama yakiwa hayafanyi chochote, nikafurahi kama mtu aliyepata mtoto. Kisha nikafungua visima vya dawa.

Navyo viliishi.

Sisplatini, ukali wa mikromola 30, siku tatu, na madonge yamenawiri. Dawa ambayo tangu Barnett Rosenberg wa Michigan aione ikizuia bakteria kugawanyika katika miaka ya 1960 imeua seli kwenye maabara za dunia nzima, kwangu imekuwa maji. Nikaongeza hadi 60. Badiliko dogo tu. Wiki mbili nzima nilijenga nadharia kwamba madonge ni sugu kwa sababu dawa haipenyi ndani; nadharia nzuri, ina watu wanaoiunga mkono, na kwa madonge ina ukweli fulani. Nikatengeneza hata slaidi.

Fundi alikuja kutafuta kitu kwenye friza yangu. Akatoa kichupa, akasoma lebo kwa sauti: "Cis, DMSO." Akanitazama. "Nani ameiyeyusha kwenye DMSO?"

Aliyeiyeyusha alishaondoka kabla sijafika. Nilikirithi kichupa kama nilivyorithi kiti. DMSO ndiyo majimaji tunayoyeyushia karibu kila dawa ngumu, kwa hiyo haikunijia hata kuuliza. Lakini sisplatini ni kiungo cha platini, na molekuli ya DMSO ina salfa inayoipenda platini. Inaishika, inaitoa klorini yake moja, na dawa inageuka kitu kingine ambacho hakiwezi tena kuitia DNA pingu kama ilivyokusudiwa. Sisplatini huyeyushwa kwenye maji ya chumvi, yale ya asilimia 0.9 ambayo manesi wa Ocean Road wanayajua kuliko mimi. Chumvi ile ina klorini ya kutosha kuituliza dawa isibadilike kabla haijafika kwenye seli. Na usiiweke kwenye friji, inajitenga kuwa chenga. Ikinge na mwanga.

Nikayeyusha mpya. Saa ya 20 hivi baada ya kutia dawa kijani cha kwanza kikawaka, pembeni juu kulia. Saa ya 30 donge zima lilikuwa linatokota. Nilizima taa za chumba kile nikakaa. Nilimkumbuka shangazi akisimulia alivyokuwa akitapika baada ya dripu, na ndugu wakimwambia avumilie, dawa inafanya kazi. Sikuandika chochote kwenye daftari siku ile zaidi ya saa na namba ya kisima.

Jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza ni kuweka kisima cha muuaji anayejulikana. Wengi wanatumia staurosporini, sumu ambayo timu ya Satoshi Omura iliipata kwenye bakteria wa udongo mwaka 1977. (Ndiye Omura aliyepata Nobeli ya 2015 kwa kazi iliyozaa ivermectin, vile vidonge tulivyomeza shuleni wakati wa kampeni za matende.) Staurosporini inaua karibu kila aina ya seli kwa saa chache. Kama ningekuwa na kisima chake na kikawaka kijani huku cha sisplatini kimelala, ningejua siku ileile kwamba rangi ni nzima, hadubini ni nzima, seli zinajua kufa, ila dawa ndiyo feki. Wiki mbili na slaidi moja ningeziokoa.

Kuhusu kompyuta sitasema mengi, maana kila mwezi inatoka programu mpya. Fiji ni ya bure na inafungua karibu kila aina ya faili. CellProfiler nayo ni ya bure, unapanga hatua kama unapanga foleni na inarudia kwa picha maelfu. Cellpose inatenganisha seli zilizobanana vizuri kuliko nilivyotegemea. Zote zinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, ila ukitaka kwenda haraka utafute yenye kadi nzuri ya picha. Lakini hadithi moja lazima niitoe.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa inapima ukubwa wa kivuli cha donge. Mantiki: dawa ikiua, donge linapungua. Grafu ikaonyesha madonge yenye dawa yanakua. Yanakua kuliko yasiyo na dawa! Nikakaribia kuandika barua pepe. Kisha nikafungua video moja nikaitazama kwa macho, fremu kwa fremu. Seli za pembeni zikifa zinaachia, hazina pa kwenda kwenye kisima cha mviringo, zinakaa zimelizunguka donge kama pumba kuzunguka kinu. Donge lenyewe lilikuwa limenywea katikati, na programu ilikuwa inapima donge pamoja na pumba. Ilipima vizuri sana kitu ambacho sikukihitaji.

Tangu hapo nina desturi. Kabla programu haijahesabu chochote, natazama video 10 mwenyewe na kuhesabu vifo kwa mkono, kwenye karatasi. Fundi ananipa video hizo zikiwa na namba za kificho ili nisijue ipi ina dawa. Mara ya kwanza nilifanya bila kificho na mara ya pili kwa kificho, video zilezile. Nilipojua kuna dawa niliona vifo vingi zaidi. Sikudanganya, niliona. Jicho linalotaka kuona kijani litakiona.

La mwisho ni la takwimu, na lilinitoa machozi kwa sababu lilikuja wakati nilidhani sura ya kwanza ya tasnifu imekwisha. Nilimpelekea mtakwimu madonge 24, grafu safi, tofauti kubwa. Akauliza seli hizo zilitoka kwenye chupa ngapi. Moja. Zilipandwa siku ngapi tofauti. Moja. Akasema basi nina jaribio moja, nimelitazama mara 24. Ni kama kupika sufuria moja ya wali, ukachota sahani 24 na kusema umepika mara 24. Ukiungua, zote zimeungua. Nikarudi kupanda upya, chupa tofauti, wiki tofauti, dawa iliyoyeyushwa upya kila mara. Niliongeza majuma sita. Rudio la tatu kati ya hayo lilitoka tofauti na mengine, na nimeliacha ndani ya grafu.

Juzi nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unaangalia zile seli zikifa?"

"Bado."

"Nirushie nizione. Zile za kwanza simu imezifuta."

Nikamtumia kisima cha C7, sisplatini, saa 72 zimebanwa kwenye sekunde 12. Nikasikia anaicheza, anairudia, anairudia tena. Nikaanza kumweleza kijani ni nini na nyekundu ni nini.

"Hiyo nimeelewa," akanikatiza. "Hii moja ya chini, kushoto, haijawaka rangi yoyote. Halafu hapa mwishoni zimekuwa mbili."

Nilifungua faili. Alikuwa sahihi. Programu ilikuwa imehesabu vifo vya C7 bila kosa, kwa kuwa ndivyo nilivyoiagiza, na seli ile haikuwamo kwenye hesabu yoyote. Saa ya 58 inajikunja kuwa duara, wenzake wote wamekwisha, na saa ya 59 zinatoka mbili, nzima, zinajinyoosha kwenye ukingo wa donge.

"Umeiona?" akauliza mama.

"Nimeiona."

Nimeomba hadubini kuanzia Alhamisi, siku tano.